Mgeni rasmi kaahidi milioni 12 mbele ya kanisa zima, katoa 3. Hizo 9 zinadaika kisheria au tumwachie Mungu?

#1 Mweka Hazina

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi kwenye usharika mmoja huku Kimara. Jina la usharika naliacha, maana wazee wetu wengine wamo humu wanasoma kimya kimya. Mwaka jana, Jumapili ya pili ya Novemba, tulifanya harambee ya paa. Mgeni rasmi alikuja na magari matatu, kwaya ikamwimbia, kina mama wakamvisha kitenge. Alivyoshika kipaza sauti akasema, na video ninayo: "Paa la upande wa kwaya ni langu. Milioni kumi na mbili. Fundi asilale." Kanisa zima likasimama, vigelegele mpaka barabarani. Mwenyekiti akaandika kwenye daftari la ahadi na mgeni akasaini.

Wiki ile ile akatuma milioni 3. Tangu hapo simu inaita tu. Mara yuko Dodoma, mara yuko msibani, mara "nitumie namba tena niliipoteza".

Sasa shida iliyonileta hapa. Duka la vifaa vya ujenzi lilitupa mzigo kwa mkopo, na karatasi ya mkopo nimesaini mimi, kwa jina langu, na kopi ya kitambulisho changu cha NIDA iko kwenye droo ya mwenye duka. Leo kanipigia mara nne. Mara ya nne alipiga mkewe.

Mzee mmoja wa kanisa anasema kumpeleka mtu mahakamani kwa ajili ya sadaka ni kujitafutia laana. Kijana mmoja wa kamati aliyesoma sheria miaka miwili akaachia njiani anasema hakuna mkataba hapo, "kwa sababu hatukumpa chochote". Nani yuko sahihi?

#2 Konda wa Gerezani

Umesaini kwa jina lako? Basi mgeni rasmi ni wewe.

#3 Mama Kashata

Pole mwanangu. Mimi nimekaa kamati za harusi saba, tano nikiwa mweka hazina, kwa hiyo najua hiyo presha inavyopanda. Ahadi za Dar usizipigie hesabu. Kikao cha kwanza mtu ananyanyuka, "mimi na mama watoto, laki tano". Kikao cha tatu hayupo. Siku ya harusi anakuja na mama watoto na shemeji wawili, wanakaa meza ya mbele, na kadi anauliza mlangoni. Sijawahi kusikia mtu kashtakiwa kwa mchango wa harusi. Tungekuwa tunashtakiana, Kisutu pasingetosha.

Lakini paa la kanisa naona ni tofauti kidogo. Ile pilau hata ikipungua, watu wanakula wanaondoka.

#4 Bandari Salama

Hakuna tofauti. Sadaka ni hiari. Ikidaiwa mahakamani si sadaka tena, ni kodi. Mkianza kushtaki walioahidi, harambee ijayo mtaongea na viti. Malizaneni na duka, mjifunze.

#5 Joho Jeusi

Naona huyo kijana wa miaka miwili anataka kuchekwa. Msimcheke. Kasema nusu ya jibu, tena ile nusu ngumu.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ni ya 1961, na imeifuata kwa karibu sana sheria ya India ya 1872. Kifungu cha 10 kinataka makubaliano yawe ya hiari, kati ya watu wenye uwezo kisheria, kwa jambo halali, na kuwe na kitu ambacho mimi humu nitakiita "badala". Mimi nimeahidi, na wewe kwa upande wako unatoa, unafanya, au unaacha kufanya kitu. Kifungu cha 25 kinafunga mlango: makubaliano yasiyo na badala ni batili. Kinaacha matundu matatu tu. Moja, ahadi ya maandishi iliyosajiliwa, kati ya ndugu wa karibu, kwa ajili ya mapenzi ya kindugu. Mbili, ahadi ya kumfidia mtu ambaye tayari alikufanyia jambo kwa hiari yake. Tatu, ahadi ya maandishi yenye saini ya kulipa deni lililopitwa na muda. Usharika si ndugu yake wa karibu machoni pa sheria, hata kama mnaitana wapendwa kila Jumapili.

Kwa hiyo daftari na video havikuokoi peke yake. Wengi wanateleza hapa, wanadhani kikiandikwa basi ni mkataba. Maandishi yanathibitisha kwamba mtu kasema. Hakimu akishakubali kwamba kasema, atakuuliza: halafu?

Sasa nenda kifungu cha 2 uone "badala" ilivyoelezwa. Hakuna mahali panaposema lazima mtoa ahadi apate faida. Panasema kwamba kwa matakwa ya mtoa ahadi, mpokea ahadi au mtu mwingine awe amefanya jambo, au anafanya, au anaahidi kufanya. Kwa matakwa yake. Kesi yako yote imelala kwenye maneno hayo.

Kuna kesi ya zamani, Calcutta, 1886, Kedarnath Bhattacharji dhidi ya Gorie Mahomed. Mji wa Howrah ulitaka kujenga ukumbi wa mji. Wakapitisha orodha ya michango, na Gorie Mahomed akajiandikisha rupia 100. Kwa kutegemea ile orodha, wadhamini, Kedarnath akiwa mmoja wao, wakaingia mkataba na mkandarasi. Orodha ilivyozidi kunenepa, na ramani ikanenepa: makadirio ya rupia 26,000 yakafika 40,000. Gorie Mahomed akagoma kutoa mia yake. Mahakama ikamwambia alipe. Alijua fedha ni za nini, alijua mkandarasi ataingizwa kazini kwa kutegemea michango ile, kwa hiyo aliposaini alikuwa anawaambia: endeleeni, sehemu yangu nitabeba. Nao wakaendelea.

Linganisha na Abdul Aziz dhidi ya Masum Ali, Allahabad, 1914. Mtu aliahidi rupia 500 za kukarabati msikiti. Hakuna aliyegusa hata tofali kwa kutegemea ahadi hiyo. Akafa, wakawadai warithi, wakashindwa. Ahadi ilikuwa imekaa tu hewani.

Hukumu za India si amri kwa mahakama zetu, ila zinashawishi, kwa sababu maneno ya vifungu karibu ni yale yale.

Kwa hiyo Mweka Hazina, kabla sijasema zaidi nijibu kitu kimoja. Mzigo wa duka mliuagiza lini, kabla ya harambee au baada?

#6 Konda wa Gerezani

Yaani mtu kafikishwa mahakamani kwa rupia mia na mpaka leo anatajwa mitandaoni. Bora angetoa tu.

#7 Maalim Mkuyu

Assalaam alaykum na bwana asifiwe kwa wenye uzi wao. Naomba nichangie kwa upande wetu, maana misikitini haya tunayo vilevile, na mimi kamati ya msikiti nimeshaikimbia mara mbili.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani hii ndiyo tunayofuata, hiba, yaani zawadi, haikamiliki mpaka ipokelewe. Mtu akisema "nitatoa", bado ni mali yake. Kutimiza ahadi kumesisitizwa mno, na kuivunja bila udhuru ni jambo baya, lakini kadhi hamshiki mtu shati kwa hilo. Nadhiri ina hukumu yake nyingine: mtu akijiwekea kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, inamlazimu, ila hesabu yake ni kwa Mola wake.

Wenzetu Wamaliki ndio waliokwenda mbali zaidi. Mfano wao mashuhuri ni mtu anayemwambia mwenzake, "Bomoa nyumba yako, nitakukopesha za kujenga mpya." Mwenzake asipobomoa, ahadi inabaki ahadi. Akiwa ameshabomoa, amelala nje na watoto, pale mtoa ahadi analazimishwa, hata na kadhi.

Nimesoma hiyo ya Howrah nikaona nyumba ni ile ile iliyobomolewa.

#8 Joho Jeusi

Maalim umeniharibia kazi. Mimi nimetumia aya nane, wewe umebomoa nyumba moja tu.

#9 Mtoto wa Mzee

Samahani kwa kuingilia, ila langu linafanana. Baba yangu alifariki mwaka juzi. Miezi mitatu kabla, akiwa kitandani, alimwambia kiongozi wa dini aliyekuja kumwombea kwamba atatoa milioni 8 za kumalizia nyumba ya mtumishi. Hakuandika popote. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Siku ya arobaini likatajwa hadharani, mbele ya shangazi zangu, kama deni. Mama alilia. Tangu siku hiyo tunatazamwa kama tumekula fedha za Mungu. Nilipe au nisilipe?

#10 Joho Jeusi

Pole sana, Mtoto wa Mzee. Kulitaja hadharani siku ya arobaini si utaratibu, na hilo nalisema bila sheria yoyote.

Kwa sheria, msimamizi wa mirathi analipa madeni ya marehemu. Ahadi ya zawadi ambayo haikutolewa si deni. Uingereza wana kesi ya 1885, Hudson. Bwana mmoja aliahidi paundi 20,000 kulipia madeni ya makanisa, awamu tano za paundi 4,000. Kalipa awamu tatu, akafa. Wakaifuata mirathi kwa zile 8,000 zilizobaki, wakakosa: hakukuwa na badala. Canada 1934, chuo cha Dalhousie kilimdai marehemu Boutilier dola 5,000 alizoahidi 1920 wakati wa kampeni ya kuchangia chuo. Nao wakakosa. Na ya Massachusetts, 1989, karibu ni picha ya baba yako: mgonjwa, anatembelewa na rabi, anaahidi kwa mdomo dola 25,000 kwa sinagogi. Walikuwa na wazo la kugeuza stoo iwe maktaba. Mahakama ikasema kuiweka fedha kwenye matumaini si sawa na kuchukua hatua kwa kuitegemea.

Jiulize: kuna mtu alianza kujenga, au kukopa, kwa sababu baba yako alimwambia aanze? Kama hakuna, mirathi haidaiwi. Warithi wote wakiwa watu wazima na wakakubaliana kutoa kwa heshima ya mzee, ni jambo jema, lakini itakuwa sadaka yenu. Na kama kuna watoto wadogo kwenye mirathi, fungu lao usiliguse kabisa kwa ajili ya hilo.

#11 Mtoto wa Mzee

Kuna mdogo wetu wa miaka 9. Asante sana. Nitamwonyesha mama hii.

#12 Bandari Salama

Joho, kesi tatu ulizotaja hapo zote waliodai wameshindwa. Umenisaidia mimi. Na hao Wamarekani ndio wanaosifika kwa kushtakiana.

#13 Joho Jeusi

Wamarekani wana pande zote mbili. New York 1927, mama mmoja Mary Yates Johnston alikuwa amekiahidi chuo cha Allegheny dola 5,000, zilipwe baada ya kifo chake, na zianzishe mfuko wa ufadhili wenye jina lake. Akiwa hai akatoa 1,000, chuo kikaitenga kwa ajili ya mfuko huo. Mwaka uliofuata akabadili mawazo. Alipofariki chuo kikaidai mirathi na kikashinda. Jaji Cardozo alisema chuo kilipopokea ile elfu moja kwa masharti yake, kilikuwa kimejifunga kulienzi jina lake, na hiyo ndiyo badala. Wenzake wengine kwenye jopo hawakukubali, na mpaka leo wanafunzi wa sheria wanagombana juu ya hukumu hiyo. Iowa 1974 walikwenda mbali zaidi, wakasema ahadi ya hisani inafunga hata bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeitegemea, na kanuni ya namna hiyo ikaandikwa kwenye muhtasari wa sheria ya mikataba wa wanazuoni wao, 1981. Majimbo mengine yamegoma kuifuata, Massachusetts niliyoitaja ikiwa mojawapo.

Sisi hatuna kanuni ya Iowa. Tuna kifungu cha 25.

Na wale watakaoniambia "si amewafanya waamini, basi azuiwe kuruka maneno yake": ndiyo, kanuni hiyo ipo, hata Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaigusa. Ila Waingereza walishasema tangu 1951 kwamba ni ngao, si upanga. Inakukinga ukishtakiwa. Kuitumia kufungulia madai ni hatari, usiitegemee peke yake.

Mweka Hazina hujanijibu. Mzigo mliagiza lini?

#14 Bati Geji 30

Mimi nina duka la vifaa, si hilo la huyu bwana, la kwangu liko upande mwingine wa mji. Niwaambie kwa nini tunasainisha mtu mmoja. Kanisa halina simu. Msikiti hauna simu. Kamati ikivunjwa, kila mtu anasema nilikuwa mjumbe tu. Nilishakopesha saruji mifuko 80 kwa "kamati", nikaishia kusali nao Jumapili mbili ili nimwone mwenyekiti. Tangu siku hiyo nataka jina, NIDA na mtaa anaokaa.

Na ahadi za harambee siangalii kabisa. Mtu ananiletea picha ya mfano wa hundi, lile bango kubwa wanaloshikana nalo wakipigwa picha. Lile nikikupa bati, nalo nalipeleka benki gani? Nalipaulia?

#15 Konda wa Gerezani

"Nalipaulia" imeniua.

#16 Mama Kashata

Mkumbuke na maandiko lakini. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya ndugu kumshtaki ndugu mbele ya mahakimu wa nje, na hakuwapongeza. Na Mhubiri naye kasema bora usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Kwa hiyo kila mmoja hapo ana mstari wake.

#17 Mweka Hazina

Nilikuwa ibadani, samahanini. Joho, swali lako limenikosesha usingizi, kwa sababu nilikuwa sijalitazama hivyo.

Nimefungua mafaili. Bati za geji 28 na kofia zake, 5,600,000: tuliagiza mwishoni mwa Oktoba, KABLA ya harambee. Zilikuwa zimeshalala kwenye ua wa kanisa siku mgeni anaongea. Tuliandaa harambee ndiyo tulipie.

Mbao za kenchi na papi, 4,700,000: hizi ni Jumatano BAADA ya harambee. Tena kuna kitu nilikuwa nimesahau. Sisi tulikuwa tunapaua paa la kawaida tu, la mteremko mmoja. Mgeni rasmi siku ya Jumatatu alimpigia fundi mwenyewe, akamwambia anataka paa la mgongo, kenchi ndefu, mbao za dawa, "lionekane mtu akiwa Morogoro Road". Fundi akatuma meseji kwenye kundi la WhatsApp la kamati, mgeni tulikuwa tumemwingiza, akajibu kwa dole gumba na "Fanyeni, nipo". Ufundi 1,700,000, nao tulikubaliana baada ya hapo.

Jumla 12,000,000. Ile milioni 3 aliyotuma, tulilipia bati, kwa hiyo duka linadai 2,600,000 za bati na zote za mbao. Fundi hajalipwa.

#18 Joho Jeusi

Hapo sasa tunaongea.

Bati sahau. Zilikuwa zimeshaagizwa kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo hamkuziagiza kwa matakwa yake. Madras, huko huko India, 1935, kulikuwa na hekalu linakarabatiwa, kazi ikiwa njiani fedha zikapungua, ndipo wakapitisha orodha ya michango. Aliyejiandikisha akashinda kesi, kwa sababu kazi ilikuwa inaendelea kabla ya ahadi yake. Ni Kedarnath iliyogeuzwa kichwa chini, na bati zako zimelala humo humo.

Mbao na ufundi ni hadithi nyingine. Alimpigia fundi. Alibadilisha ramani. Mkawa tayari kuingia deni, akajibu "Fanyeni, nipo". Howrah nao ramani ilinenepa kwa sababu ya michango, na kwako imenenepa kwa agizo la mtu mmoja aliyetaka lionekane barabarani. 6,400,000 ninaweza kusimama nazo mbele ya hakimu bila kutetemeka. Milioni 9 siwezi.

Ila kuna mtego. Wakili wake atasema ile milioni 3 ihesabiwe kwenye hizi 6,400,000, ibaki 3,400,000. Alipotuma alisema ya nini?

#19 Mweka Hazina

Meseji ninayo: "Mtumishi pokea 3m hii ya bati. Nyingine inafuata."

#20 Joho Jeusi

Basi kajimaliza mwenyewe. Ya bati ni zawadi iliyokwisha kutolewa, ikatumika alikoelekeza. Kifungu cha 25 chenyewe kinasema hakigusi zawadi ambayo imeshatolewa kweli, kwa hiyo naye hawezi kuirudisha akikasirika.

Swali la pili ni nani anadai. Kamati si mtu. Kundi la WhatsApp halishtaki. Anayeshtaki ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya sheria ya usajili wa wadhamini, Sura ya 318, na kwenye makanisa mengi bodi hiyo iko juu, si hapo usharikani, kwa hiyo mtapanda ngazi mkiomba ruhusa. Lakini wewe umebeba deni kwa jina lako, na Kedarnath naye alikuwa amebeba dhima kwa mkandarasi. Alishtaki kwa niaba yake na ya wenzake wenye maslahi yale yale. Saini iliyokutia matatani inaweza kuwa ndiyo inayokupa miguu ya kusimamia.

Muda mnao, madai ya mkataba ni miaka 6. Polisi usiende. Najua ndiyo desturi ya mjini, "nimemfungulia jalada". Hili ni dai la madai, hakuna kosa la jinai hapo, na ukimtishia na polisi utakuwa umempa yeye sababu ya kulalamika.

Anza na barua. Fupi. Usimwite mwongo, usitaje Mhubiri. Weka tarehe ya simu yake kwa fundi, nakala ya "Fanyeni, nipo", ankara ya mbao, na kiasi: 6,400,000. Usidai 9. Ukidai 9 ataona mnamfuata sadaka, ukidai 6,400,000 ataona mnamfuata mbao.

#21 Bandari Salama

Hapo kwa mbao nakubali. Mtu akiagiza kenchi ndefu alipe kenchi ndefu. Lakini bado nasema ile ya kwanza, "paa ni langu", isingetosha.

#22 Joho Jeusi

Hata mimi sijasema ingetosha. "Fundi asilale" ningeijaribu, lakini bila ile simu ya Jumatatu ningekuwa naomba sana.

#23 Maalim Mkuyu

Nimechukua hilo la tarehe. Kesho kutwa tuna changizo la kisima. Nitamwambia katibu aandike ahadi zote, halafu kabla ya kumwita mchimbaji ampigie kila mwenye ahadi kubwa amuulize: tumwite, au tusubiri? Jibu lake liandikwe na saa.

#24 Mama Kashata

Na harusini tufanye hivyo hivyo. "Tupike, au tusubiri?"

#25 Mweka Hazina

Mrejesho, wakuu. Nimekawia wiki tano, msinione sina shukrani.

Barua tulipeleka kwa mkono, mimi na mwenyekiti, ofisini kwake. Hakutupokea, aliipokea katibu wake na kutusainia kitabu. Siku nne kimya. Siku ya tano akapiga mwenyewe, mara ya kwanza tangu Desemba. Alianza kwa ukali, "mnanidai sadaka?" Nikamwambia mzee, sadaka hatujaitaja, soma tena, tumeandika mbao. Akanyamaza. Akauliza ni nani aliyetuandikia. Nikasema ni mimi, na si uongo, niliandika mimi.

Jumamosi mdogo wake akaja moja kwa moja dukani na 4,700,000, akataka risiti iandikwe jina la kaka yake. Mwenye duka kaandika hata bila kuinua kichwa. Za fundi kagoma, anasema fundi ni wa kanisa na kanisa limlipe. Joho najua utasema tuendelee. Wazee wamekataa, wanasema tusimkamue, na safari hii nimewaunga mkono.

Zile 2,600,000 za bati tulizipata kwa mnada wa Jumapili mbili. Jogoo mmoja aliuzwa mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha. Mzee aliyesema laana ndiye aliyemnunua mara ya mwisho, laki moja na nusu.

Karatasi ya mkopo na kopi ya NIDA yangu nimerudishiwa leo saa nane mchana. Nimeichana pale pale kaunta. Fundi alikuwepo, anasubiri misumari. Kaniuliza zake lini, Pasaka? Nimemwambia siahidi.

#26 Konda wa Gerezani

Jogoo ana hali gani?

#27 Mweka Hazina

Yupo kwa mzee. Amepaa juu ya paa la mgongo, anaonekana mpaka Morogoro Road.